Mume wangu hataki riwaya hii ilale nyumbani, na mdogo wangu ameniuliza swali

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitaje jina langu wala mtaa ninaoishi. Nina miaka 33, nimeolewa, tuna binti mmoja, na tunaishi Mombasa. Nafanya kazi ya hesabu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mume wangu ni mtu mwema, nalisema mapema usije ukamwona vibaya kwa yatakayofuata. Tulipokuwa wachumba na hata mwanzo wa ndoa alikuwa Doha kikazi. Sasa amerudi, anaendesha lori la makontena. Tunakaa na mdogo wangu wa kiume, ana miaka 20, kwa sababu chuo chake kiko huku na wazazi wetu wako Voi.

Jambo lenyewe limeanzia kwenye kitabu. Mimi riwaya za mapenzi nimezipenda tangu shuleni, zile za Kiingereza tulizokuwa tukipokezana bwenini hadi kurasa zinachomoka. Kwa muuza vitabu vya mitumba nikaona kimoja chenye jalada la waridi, vijana wawili wa kiume wamechorwa juu yake. Red, White & Royal Blue, mwandishi Casey McQuiston. Nikadhani ni hadithi ya msichana anayegombaniwa na wawili. Nilipoanza kusoma ndipo nikaelewa kuwa wanaopendana ni wao kwa wao. Mmoja, Alex, ni mtoto wa Rais wa Marekani, ambaye humo kitabuni ni mwanamke kutoka Texas. Mwingine, Henry, ni mwanamfalme wa Uingereza.

Nilitaka kukiweka kando, Shangazi. Lakini nilikuwa nimeshafika pale wanapozozana kwenye harusi ya kifalme mpaka wanaiangusha keki na kuanguka nayo, na nilikuwa nimeshacheka. Nikasema nisome ukurasa mmoja tu. Usiku ule nilisoma hadi jirani akafungua geti kwenda kazini.

Kuna mahali bata mzinga wawili wa sikukuu ya Thanksgiving wamewekwa chumbani kwa Alex, humo humo Ikulu, naye kwa hofu anampigia simu Henry usiku wa manane kumlalamikia. Hapo nilicheka kwa sauti. Mume wangu akaamka, akasema, “Nani anakuchekesha saa hizi?” Nikamwinulia kitabu. Akatazama, akajifunika, akalala.

Kilichonishika zaidi ni barua. Hawa vijana wanaandikiana barua pepe, mmoja yuko Washington na mwingine London, huku ni usiku kule kunapambazuka. Wanaanza kwa utani, wanamalizia kwa maneno ambayo mtu hawezi kuyasema akitazamwa usoni. Nimezirudia barua zile mpaka nazijua zilipo bila kutafuta. Kitabu nimekivalisha karatasi ya kaki kama daftari la shule ili nikisome kwenye matatu. Siku ikiwa nzito kazini, nafungua mahali popote, nasoma kidogo, napumua. Sikumbuki kitabu kingine kilichonifanyia hivyo.

Kisha siku moja nikakikuta hakiko nilipokiacha. Kilikuwa kwa mdogo wangu. Alikirudisha mwenyewe, na ndani kulikuwa na tiketi ya basi la Voi imeachwa pale Alex anapomwambia mama yake kuhusu Henry. Jioni tukiwa wawili jikoni akaniuliza, “Dada, hivi mama yetu angefanya nini?” Mimi nikamuuliza, “Angefanya nini kuhusu nini?” Akasema, “Basi tu,” akachukua ndoo akatoka kuteka maji. Hatujalizungumza tena. Lakini tangu jioni ile najua, Shangazi, hata kama hajasema. Ninapomtazama akila, akicheka na mpwa wake, kifua kinanibana. Mama yetu ni kiongozi wa akina mama kanisani. Baba ndiye anayelipa karo.

Katikati ya hayo mume wangu alikichukua kitabu mezani, akavua ile kaki, akasoma maneno ya nyuma. Hakupiga kelele. Alisema, “Kitabu hiki kisilale humu ndani. Una kijana anayekua hapa, utakuja kumwambia nini mama yako akiharibika?” Nikamjibu kuwa ni hadithi tu ya kuchekesha. Akasema mambo hayo huanza hivyo hivyo, kwa kuchekesha. Hajui kuwa mdogo wangu amekwisha kukisoma. Sasa kitabu kiko kwenye droo yangu ofisini, na nyumbani nimesema nimekitoa.

Nifanye nini? Nimuulize mdogo wangu waziwazi ili ajue niko naye? Nimwambie mume wangu kila kitu, maana sijawahi kumficha jambo? Au nikitupe kitabu tuendelee na maisha? Na kuna swali jingine ambalo nimeona haya kumuuliza mtu yeyote. Mimi ni mke wa mtu, ninasali, sijawahi kumtamani mwanamke. Kwa nini kitabu cha wanaume wawili wanaopendana kimeniingia moyoni namna hii? Nina kasoro gani?

Msomaji wako, Mombasa

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Riwaya hiyo nami nimeisoma, na wale bata mzinga walinitoa machozi ya kicheko, kwa hiyo huna haja ya kunieleza utamu wake. Nimefurahi kwamba kati ya makontena na hesabu za bandarini umepata kitu cha kukupumzisha hivyo.

Umeniuliza la kufanya kuhusu kitabu. Lakini naona humo ndani ya nyumba kitabu kimoja kimesomwa na watu watatu, na kila mmoja amekutana na jambo lake. Mumeo amesoma jalada la nyuma akaona hatari. Mdogo wako amefika kwa yule mama na mwanawe akasimama hapo. Wewe umepata raha, kisha ukaanza kuiogopa raha yenyewe. Niruhusu nianze na mdogo wako, kwa sababu humo nyumbani ndiye ambaye jambo hili likienda vibaya litamwangukia zaidi.

Umeandika kwamba tangu jioni ile unajua. Unajua nini, mwanangu? Unachokijua kwa hakika ni kwamba kijana wa miaka 20 alisoma riwaya, akaweka tiketi ya basi mahali fulani, akauliza swali moja. Mahali penyewe panagusa mtu yeyote mwenye mama. Rais yuko katikati ya kampeni ya kugombea tena, mwanawe anamwambia anampenda mwanamume, tena mwanamfalme wa nchi nyingine. Mama anamwandalia slaidi za kompyuta kana kwamba yuko kwenye kikao cha mawaziri, anamwondoa kwenye kazi ya kampeni, na bado anabaki kuwa mama yake. Inawezekana mdogo wako aliuliza kwa ajili yake mwenyewe. Inawezekana ana rafiki chuoni anayelala na wasiwasi. Na inawezekana hadithi ilimshika tu kama ilivyokushika wewe, akajiuliza nyumbani kwenu ingekuwaje. Wewe umekipenda kitabu hiki kuliko vyote ulivyowahi kusoma, na bado unaniambia hujawahi kumtamani mwanamke, nami nakuamini. Ningependa naye apewe imani ya namna hiyo mpaka atakapoamua kusema vinginevyo, kama lipo la kusema.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona madhara ya watu kusoma moyo wa mtu kupitia kitabu. Yuko mwandishi wa Marekani, Becky Albertalli. Mwaka 2015 alichapisha riwaya ya mapenzi ya vijana, mhusika wake mkuu akiwa mvulana anayewapenda wavulana. Ikapendwa sana, 2018 ikawa filamu. Yeye alikuwa mke wa mtu, mama wa watoto, na kwa miaka wasomaji wakabishana hadharani: mwanamke kama huyu anaandikaje mambo haya, ana haki gani? Agosti 2020 akaandika kwamba yeye mwenyewe huvutiwa na wanaume na wanawake, na kwamba hakufurahia kulitangaza kwa namna ile, amebanwa, amechoka. Sasa tazama. Miongoni mwa waliombana walikuwamo watu waliodhani wanatetea jambo jema. Jambo lilikuwa lake, na muda wa kulisema ulikuwa wake, nao wakamnyang'anya muda huo.

Hata riwaya yako yenyewe inalisema hili kwa nguvu. Unazipenda zile barua pepe, nami nazipenda. Lakini unakumbuka zilivyoishia. Ziliibwa na watu wa upande wa mpinzani wa mama, zikamwagwa hadharani, na vijana wale wakaamka wakakuta ulimwengu mzima unasoma maneno waliyoandikiana wao wawili. Walikuwa na walinzi mlangoni, wanasheria, mama mwenye Ikulu, na bado iliwavunja. Mdogo wako ana kitanda nyumbani kwako na karo inayotoka Voi.

Kisha kuna sheria, ambayo naitaja ili tuwe macho, si kwa kukutisha. Riwaya hiyo ilitoka Marekani tarehe 14 Mei 2019. Tarehe 24 Mei mwaka huo huo, majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi walikataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha matendo ya mapenzi ya jinsia moja. Kifungu cha 162 kina adhabu ya hadi miaka 14 jela. Kati ya siku hizo mbili, tarehe 21, tulimpoteza Binyavanga Wainaina, mwandishi wetu, ambaye Januari 2014 alijitokeza kwa maandishi kama mtu anayemwambia mama yake kuwa anawapenda wanaume, ingawa mama huyo alikuwa amekwisha kufariki na hakuwahi kuyasikia maneno hayo. Ninapozikumbuka siku zile kumi huwa nashindwa kuzitenganisha: kule watu wananunua hadithi ya vijana wawili wanaomaliza kwa furaha, huku hukumu inasomwa na jeneza linaandaliwa. Vifungu hivyo vinahusu matendo, havimgusi mtu kwa kusoma riwaya wala kwa kumuuliza dada yake swali. Lakini Kenya mtu huumizwa na majirani na jamaa kabla ya mahakama, na mara nyingi kwa tetesi tu. Ndiyo maana nakuomba, lolote utakaloamua kumwambia mdogo wako, usimwandikie kwa WhatsApp wala kwa meseji. Simu huazimwa, hupotea, hufunguliwa na mtu mwingine.

Je, umuulize? Ukimuuliza waziwazi, huenda akapumua kwa mara ya kwanza tangu jioni ile. Huenda pia akaona amekamatwa, akakana, na mlango ambao alikuwa ameuchungulia akaufunga kabisa. Na kama ulikosea kudhani, atabaki akijiuliza ni nini ulichokiona kwake. Ukinyamaza, unampa nafasi ya kuja kwa muda wake, ila kwa upande wake kimya chako kinaweza kuwa na maana nyingine. Aliuliza, akajibiwa kwa swali, akaenda kuteka maji.

Naona ipo njia ya katikati, uipime wewe unayemjua. Lile swali lake bado halina jibu. Unaweza kulijibu bila kumuuliza lolote. Mkiwa wawili tena, mwambie, “Siku ile uliniuliza mama angefanya nini. Mama simsemei. Mimi ningebaki dada yako.” Kisha endelea kukata vitunguu vyako. Kama lina uzito kwake, amelisikia. Kama halina, umemwambia tu neno zuri. Ila usilitamke kabla hujakaa nalo peke yako. Ukisema utabaki dada yake, ujue utasimama wapi siku mumeo akisema kijana aondoke, au baba akisema karo imekwisha. Kuna mtu wa ukoo anayeweza kumpokea bila maswali? Wewe una akiba yoyote kwa jina lako? Sisemi yatatokea. Nasema ahadi ya namna hii ina gharama, na ni vizuri uijue kabla.

Na kama siku moja atakuambia, msikilize hadi mwisho, umuulize nani mwingine anajua, na yeye anataka nini kifanyike. Wengi hawataki kifanyike chochote, wanataka tu mtu mmoja ajue. Akitishwa au akidaiwa pesa na mtu anayejua siri yake, jambo ambalo huwapata vijana wengi, shirika la NGLHRC la Nairobi, linalotetea haki za watu wanaopenda wa jinsia yao, lina mawakili wanaosaidia. Ndilo lililopigania usajili wake hadi Mahakama ya Juu, ikaliruhusu Februari 2023. Na atakapotokea mtu wa kuahidi kumponya, awe wa maombi au wa vidonge, ukumbuke Shirika la Afya Duniani liliondoa kumpenda mtu wa jinsia yako kwenye orodha ya maradhi tangu 1990.

Nije kwa mumeo. Nimependa kwamba ulitangulia kumtetea, na sina nia ya kumsema. Hofu yake ni kwamba kitabu humgeuza mtu. Hapo sikubaliani naye, na ningemwambia hivyo kwa heshima kama angekuwa amekaa hapa. Kila mwanamume unayemjua anayewapenda wanaume amekua akizungukwa na hadithi za bwana na bibi harusi, nyimbo zao, sinema zao, vigelegele vyao, na hazikumgeuza. Lakini nadhani hofu hiyo ina nyingine chini yake, na hiyo ndiyo ningetaka uitafute. Fikiria aliyoyasikia miaka hii. Baada ya uamuzi ule wa 2023 redio zilijaa, mimbari zikajaa, na mwezi Mei mwaka huo Uganda ikapitisha sheria kali kuliko yetu. Mtu anayeendesha lori anasikiliza redio kutwa nzima. Sentensi aliyokwambia ilimtaja mama yako: utakuja kumwambia nini. Huenda anaogopa kuulizwa, yeye mkwe, kijana wa watu ameharibikia nyumbani kwake. Huenda anampenda mdogo wako na anaogopa atapigwa barabarani. Huenda ni chuki kweli, na hilo nalo unahitaji kulijua. Hofu hizi tatu hazijibiwi kwa jibu moja. Siku ametulia, mtoto amelala, muulize anaogopa nini hasa, na umwache amalize.

Ila tafadhali tenganisha mambo mawili ambayo naona umeyachanganya. Kitabu ni chako. Kukipenda ni kwako, na ukitaka kumwambia mumeo kuwa hukukitoa, kwamba kiko ofisini kwa sababu unakithamini, hiyo ni siri yako na unaweza kuifungua. Swali la mdogo wako ni lake. Unasema hujawahi kumficha mumeo jambo, nami naheshimu ndoa ya namna hiyo. Lakini huwezi kuwa mwaminifu kwa mumeo kwa kutumia siri ya mtu wa tatu, tena siri ambayo wewe mwenyewe hujaambiwa, umeikisia.

Kuhusu droo ile, sina amri ya kukupa. Nyumba nyingi zina kitu kimoja kilichofichwa kwa ajili ya amani, na mara nyingine amani hiyo ni ya kweli. Hofu yangu iko mahali pengine. Mumeo aliamka akasikia mkewe anacheka gizani, akauliza nani anakuchekesha. Siku akijua kitabu hakikutoka kama ulivyomwambia, anaweza kudhani ulikuwa unaficha kitu kikubwa zaidi ya riwaya.

Na hapo kuna jambo ulilolitaja kwa kupita, nami nimelishikilia. Ulisema mlipokuwa wachumba na mwanzo wa ndoa yeye alikuwa Doha. Aya chache baadaye unaniambia kilichokushika ni barua za watu wawili waliotenganishwa na bahari, huku usiku, kule kunapambazuka, wakisema maneno ambayo uso kwa uso hayatoki. Mwanangu, mlikuwa mkiandikiana nini wakati ule? Nani alikuwa mcheshi? Na tangu aliporudi, mnaambiana nini zaidi ya karo, gesi na foleni ya lori bandarini? Huenda nimekosea, nawe utanisahihisha. Lakini nilipokuwa nasoma barua yako nilihisi kama ninasoma habari za mwanamke aliyewahi kupendwa kwa maneno, na ambaye ghafla, kwenye meza ya mitumba, amekutana na maneno hayo tena. Kama nimegusa ukweli, basi sehemu ya mapenzi uliyonayo kwa kitabu hiki inamhusu mume uliye naye, na hilo yeye angependa kulijua. Unaweza kumtafsiria ule ukurasa wa bata mzinga, huo tu, mkiwa mmelala. Unaweza kumkumbusha ujumbe mmoja aliokuandikia kutoka Doha. Anaweza kukataa, anaweza kuona unamzunguka ili akikubali kitabu, kwa hiyo usifanye kama hila. Fanya kama unamkosa.

Swali lako la mwisho, lile uliloona haya, nimeliacha hadi sasa ili nilijibu kwa utulivu. Unauliza una kasoro gani. Sijaona kasoro. Riwaya ya mapenzi humpa msomaji ahadi kabla hajafungua ukurasa wa kwanza: hawa wawili watateseka kidogo, kisha watapatana na watabaki pamoja. Sisi hadithi za watu wa namna hii tumezoea kusimuliwa kwa dhihaka, au ziishie kwa kifo na majuto. McQuiston, aliyekulia Louisiana, akaamua kuwapa Alex na Henry ahadi ile ile ambayo wewe ulikuwa ukiipata bwenini, na mwaka 2019 wasomaji wa Goodreads, tovuti ya wapenzi wa vitabu, waliipigia kura riwaya hiyo kuwa riwaya bora ya mapenzi ya mwaka. Wengi mno kati ya wasomaji wa riwaya za mapenzi ni wanawake, tena wengi ni wake za watu kama wewe. Wanapenda kuona wawili wanapendana bila mmoja kuzaliwa tayari akiwa chini ya mwenzake. Wanapenda kucheka. Huhitaji sababu kubwa kuliko hiyo. Na ikiwa miaka ijayo utajitazama ukaona jambo jingine ndani yako, utakuwa na miaka hiyo ya kulitazama. Hakuna anayekudai jibu leo, mimi wa kwanza. Sala zako endelea nazo.

Umeniuliza pia kama ukitupe. Ukikitupa, swali la jikoni litabaki, na lile la mumeo litabaki, nawe utakuwa umepoteza kitu kinachokusaidia kupumua. Ukikibakiza, kuna bei yake, tumekwisha kuitaja. Wewe ndiye unayeijua nyumba yako. Naomba tu usiamue ukiwa umechoka, wala siku ambayo mumeo ametoka kusikiliza redio.

Na kwa sababu umeniandikia kama msomaji, nikujibu pia kama msomaji mwenzako. Mwandishi huyo ana vingine. Mwaka 2021 alitoa One Last Stop, habari za wasichana wawili wanaokutana kwenye treni ya chini ya ardhi huko New York, mmoja akiwa ametokea miaka ya 1970 na hawezi kushuka kwenye treni ile. Kina vichekesho na kina chakula kingi. Ukikikuta kwa muuza mitumba wako kisome, kisha uniandikie umekionaje, na mdogo wako anaendeleaje.

Shangazi yako